Spea Mpya Nayo Hushika Kutu: Ninayoyasikia Kila Wiki Gereji Hapa Malindi

Juma lililopita nilifungua mguu wa mbele wa pikapu inayobeba samaki kutoka Ngomeni. Springi ya kulia ilikuwa imekatika duru ya chini kabisa, pale inapokalia. Haikuwa hata na miezi 16 tangu ifungwe mpya. Mwenye gari alisimama kando yangu akasema yale yale niliyokwisha kuyasikia kwa wateja wengine watatu mwezi huu: "Lakini fundi, ilikuwa mpya, na rangi yake juu. Na kutu ya namna hii si mambo ya nchi za theluji?"

Nimeona niyaandike, maana imani hizi zinawamaliza watu pesa, na ikifika kwenye springi au paipu ya breki, zinahatarisha roho.

"Ina rangi yake, wewe funga tu"

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu anayelisema ameshalipa bei kamili ya spea, halafu anakataa kungoja siku moja ilindwe.

Weusi wa spea mpya si wa aina moja. Kuna ule wa kuchovywa kwa umeme: chuma huzamishwa kwenye hodhi la rangi, umeme hupitishwa, na rangi hushika hadi ndani ya kona na mikunjo. Huo ni mzuri, na ndio unaoukuta kwenye madigadi na bonneti halisi za kampuni iliyounda gari. Hata hivyo umekusudiwa kufunikwa na rangi nyingine, kwani asili yake ni epoksi, ile rangi ngumu ya jamii ya gundi, na epoksi ikipigwa jua hupauka ikawa unga. Kisha kuna weusi wa pili, uliopulizwa haraka haraka ili spea isifike dukani ikiwa nyekundu. Kazi yake ni kuvuka bahari ndani ya katoni, basi. Kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa kwanza. Mimi napima kwa kitambaa chenye thina: nasugua mahali pasipoonekana, mara kumi hivi. Kitambaa kikitoka cheusi na chuma kikaanza kuchungulia, hiyo ni rangi ya safari, naiondoa yote.

Halafu kuna kingo. Rangi ikiwa bado majimaji hujivuta kutoka kwenye ncha kali, ikabaki nyembamba pale pale panapogongwa zaidi. Ndiyo maana kutu huanzia kwenye tundu la bolti, kwenye mshono wa kuchomelea na kwenye ukingo wa bati, mara chache sana katikati ya uso. Ongeza makovu ya usafiri: spea imetupwa kwenye buti pamoja na jeki na spana, imekuja ikigongana njia nzima kutoka Mombasa. Kovu la ukubwa wa ukucha linatosha. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo huinyanyua rangi kutoka chini na kutambaa ndani yake, nawe juu huoni kitu ila rangi nzima nyeusi.

Kwa springi ni hatari zaidi, na hapa nawaomba mnisikilize. Kutu haihitaji kuimaliza springi ndipo ikatike. Inachimba kishimo kidogo tu. Springi hujikunja na kukunjuka mara elfu na elfu katika safari moja, nguvu yote ikakusanyika penye kile kishimo, na ufa ukaanza hapo. Duru ya chini imekaa kwenye kikombe kinachotuamisha maji na mchanga. Mchanga unasaga rangi kila gari linaporuka shimo. Sasa gari hilo linabeba samaki na barafu, na maji ya chumvi yanadondoka nyuma siku nzima. Ile springi ilikatika kwa sababu mwenyewe alikuwa na haraka ya kurudi Ngomeni jioni ile ile, wala aliyemfungia hakumshauri angoje.

Kwangu, kila spea ya chuma inayokwenda kukaa chini ya gari hushughulikiwa kabla ya kufungwa. Ikishafungwa, brashi haifiki nyuma yake wala kwenye maungio, na huko ndiko kutu inakokaa. Kwanza naiosha kwa maji matamu na sabuni, hata ikiwa imetoka kwenye katoni dakika hiyo. Wateja hushangaa. Lakini duka liko mtaa wa pili kutoka ufukweni, milango wazi mchana kutwa, na chumvi isiyoonekana imekwisha kutua juu ya kila kitu. Ukipaka rangi juu ya chumvi, chumvi ile huvuta maji kupitia rangi, na baada ya miezi unaona malengelenge. Jasho la viganja nalo lina chumvi, kwa hiyo baada ya kuosha naishika kwa glavu. Halafu msasa namba 240 wa kuondoa mng'aro, thina ya kufuta mafuta, kisha praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia. Kingo, matundu na mishono nazipitia peke yake kwa brashi kwanza, ndipo napuliza pote. Inalala usiku. Kesho yake inapata rangi ya chasisi, mara mbili. Sipaki alfajiri umande ukiwa haujakauka, hata mteja aniahidi nini.

Pako pa kuacha bila rangi: nyuzi za bolti, uso wa habu pale ringi inapobanwa, koni ya bolijointi na mahali pa waya wa ethi. Rangi nene ikibanwa katikati ya vyuma viwili husinyaa baadaye na nati ikalegea. Raba za bushi nazifunika kwa tepu, kwa kuwa thina inazila.

"Kutu ni ya nchi za theluji"

Baridi haileti kutu. Magari ya Canada, ya Ujerumani au ya Hokkaido kule Japani huliwa na chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ili barafu isishike lami. Maji safi huganda kwenye nyuzi 0, lakini yakikolea chumvi ipasavyo yanaweza kubaki majimaji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Tope hilo la chumvi hurukia chini ya gari na kuingia kila mkunjo. Baridi yenyewe hupunguza kasi ya kutu. Huko huko, gari lililolowa chumvi likaingizwa kwenye gereji yenye joto hushika kutu upesi kuliko lililoachwa nje kwenye baridi kavu.

Sasa turudi kwetu. Chumvi ya kawaida huanza kunyonya maji hewani na kuyeyuka unyevu ukifika asilimia 75 hivi, na chumvi ya bahari, kwa kuwa ina magnesi ndani yake, huanza mapema zaidi. Usiku wa Malindi unyevu hufika hapo na kupita, msimu baada ya msimu. Gari lako halihitaji mvua ili lilowe, linalowa likiwa limeegeshwa mlangoni. Wenzetu wa theluji wana miezi minne au mitano ya chumvi, kisha wanaosha, kiangazi kinakausha. Sisi hatupati mapumziko hayo. Kusi likishika, mawimbi yanapasuka kwenye mwamba na upepo unaleta ule mvuke wa chumvi hadi barazani, na kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti kinaangukia humo humo. Na anayepita barabara ya Gongoni kwenda Marereni nyuma ya lori la chumvi mbichi, masika yakinyesha, anaoga tope lile lile la Hokkaido, tofauti ni kwamba letu lina joto la karibu nyuzi 30, na joto linaikimbiza kutu.

Kwa wanaonunua mtumba: gari halikubaliwi kuingia Kenya likiwa na zaidi ya miaka 8, na watu wanadhani huo ni ujana. Likiwa limetembea kwenye theluji, ile miaka ni majira 8 ya chumvi, na chumvi iliyojificha kwenye mikunjo haifi kwa kuwa imefika kwenye jua, ndiyo kwanza inaamka. Vivyo hivyo springi na fremu za mtumba. Chukua bisibisi, gonga na kuchokoa ndani ya mikunjo na chini ya mabano. Ikidondosha magamba, iache dukani hata ikiwa imepakwa rangi mpya inayong'aa. Hasa ikiwa imepakwa rangi mpya inayong'aa.

"Paka oil chafu, wazee walifanya hivyo"

Najua, na sitasema haifanyi kitu. Utando wa mafuta huzuia maji kwa muda. Ila oil iliyomwagwa kutoka kwenye injini ina asidi na maji ya moshi ndani yake, inavimbisha raba za bushi, inanasa mchanga, na mvua mbili za masika zinaiosha yote kwenda kwenye visima tunavyochota. Dizeli ni mbaya zaidi, inakauka na kuondoka. Kama unataka mafuta, nunua nta ya kupuliza kwenye matundu ya chasisi na milango, upulize kila mwaka kabla ya kusi. Na mafuta ya aina yoyote yasikaribie breki.

"Andasili juu ya kutu inaiua"

Andasili, ile lami nyeusi ya kupaka chini ya gari, haiui kutu, inaifunika. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe umeivisha wewe kwa pesa yako. Ile lami nyeusi ikipakwa juu ya kutu hufungia unyevu na chumvi ndani. Ikija kubanduka, hubanduka na kipande cha chasisi. Andasili ni nzuri juu ya chuma kisafi chenye praima. Usizibe matundu ya kutolea maji.

Mengine, kwa ufupi

"Kuosha sana kunaleta kutu." Inategemea maji. Visima vingi vya karibu na ufuo vina chumvi, na kuosha gari kwa maji hayo ni kulipaka kutu kwa mkono wako. Tumia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua, na mwagilia chini ya gari kuliko juu. Ukitoka ufukweni, osha siku hiyo hiyo.

"Land Rover ya zamani haishiki kutu." Bodi ni aluminiamu, chasisi ni chuma kama ya wengine. Na pale chuma kinapogusana na aluminiamu penye chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, ikawa unga mweupe. Ukibadilisha bolti, weka washa ya plastiki au utando wa rangi katikati ya bodi na bolti, hata ikiwa bolti ni ya stenlesi. Stenlesi yenyewe haitaoza, bati linaloizunguka ndilo litakalooza.

"Diski zangu mpya za breki zimeota kutu usiku mmoja, ni feki." Uso unaosuguliwa hugeuka rangi ya machungwa karibu kila usiku pwani, na breki mbili tatu za asubuhi zinausafisha. Usipake grisi wala oil hapo, kamwe. Mafuta ya kiwandani yaliyo kwenye diski mpya ndiyo yafutwe kabisa kabla ya kufunga.

"Paka ekzosi rangi ya fedha itadumu." Ekzosi nyingi huoza kutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua huzaa karibu lita moja ya maji, na gari linalotoka Shela, mtaa wa hapa Malindi, hadi sokoni na kurudi halipati joto la kuyakausha, yanabaki kwenye silensa. Liendeshe nusu saa nzima mara moja kwa wiki, hata kama ni kwenda Gede na kurudi, na ukibadilisha silensa chukua iliyopakwa aluminiamu kiwandani.

Ule mguu wa pikapu ya Ngomeni nimeurudisha na springi mbili mpya, kulia na kushoto, zilizolala usiku mbili kwenye kamba yangu zikikauka. Safari hii mwenyewe alingoja.