Bustani ya wachavushaji ni nini?

Bustani ya wachavushaji ni mahali, hata pakiwa ukingo wa ua wa nyumba au makopo machache barazani, palipopandwa na kutunzwa ili nyuki, vipepeo, nondo na viumbe wengine wanaobeba chavua wapate chakula, mahali pa kuzaliana na usalama. Wengi wetu huishia kwenye chakula. Tunapanda maua ya rangi, tunasubiri vipepeo, na huku tunanyunyizia dawa kila kiwavi tunayemwona. Bustani ya namna hiyo inakaribisha wageni na kuua watoto wao.

Chavua ni ule unga, mara nyingi wa njano, unaobaki kidoleni ukigusa katikati ya ua. Uchavushaji ni kufika kwa unga huo kwenye sehemu ya kike ya ua la aina hiyohiyo. Pasipo hilo mimea mingi haitoi mbegu wala tunda. Mahindi huchavushwa na upepo, na mpunga kwa kawaida hujichavusha wenyewe. Lakini takribani robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama, angalau kwa kiasi.

Boga ndilo mwalimu mzuri kuliko yote. Nenda kwenye shina lake alfajiri. Ua dume limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo cha mviringo chini ya petali zake. Yote mawili hufunguka asubuhi na kunyauka kabla siku haijaisha. Katika saa hizo chache nyuki lazima watoke dume waende jike, tena mara nyingi, maana mzigo mmoja wa chavua hautoshi. Wasipofika, kiboga hugeuka njano, huoza ncha na kudondoka, na mkulima hukimbilia kuongeza mbolea. Ukitaka kuhakikisha, chuma ua dume lililofunguka, vua petali zake, pakaza chavua katikati ya ua jike. Kikishika hicho ulichokipaka na vingine vikadondoka, unachopungukiwa ni wadudu.

Wachavushaji si nyuki wa asali peke yao. Maua ya mbuyu hufunguka jioni na popo huyafuata usiku. Mipapai yenye miti dume na miti jike hutembelewa jua likizama na nondo wakubwa wanaoelea hewani mbele ya ua wakinyonya. Ukikata madume yote kwa kuwa hayazai, majike nayo yanaweza kukosa mapapai. Pasheni ya njano ina ua kubwa kiasi kwamba nyuki wa asali hupita chini akachukua nekta, yale maji matamu ya ua, bila kugusa panapohusika. Anayeliweza ni yule nyuki mweusi mkubwa anayetoboa mbao za paa, ambaye watu humpiga kwa ufagio. Huyohuyo hushika ua la nyanya au la biringanya na kulitikisa kwa mngurumo mpaka chavua imwagike, kazi ambayo nyuki wa asali haiwezi. Mwachie gogo kavu pembeni ya shamba, atatulia huko.

Nirudi kwa watoto, yaani viwavi. Kipepeo huchagua sana jani la kutagia. Yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hutaga kwenye majani machanga ya mlimau na mchungwa. Kiwavi wake akiwa mdogo anafanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndege humpita. Akikua anakuwa kijani, na ukimgusa anachomoza nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Hang'ati wala hawashi. Mti mkubwa haudhuriki na viwavi wachache. Mche wa kitaluni unaweza kumalizwa majani, kwa hiyo wahamishie kwenye mti mkubwa. Pale Gede, pwani ya Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, wanakijiji wa mradi wa Kipepeo ulioanza mwaka 1993 hupanda miti ya kulisha viwavi, kisha pupa zao, yaani viwavi waliokwisha kujifunga kabla ya kutoka vipepeo, huuzwa nje ya nchi. Wao wanajua kwamba bila jani lililoliwa hakuna kipepeo.

Nyuki nao wana spishi zaidi ya 20,000 zinazojulikana, na nyingi huishi mmojammoja, wengi wao wakichimba vishimo ardhini. Ukimwaga saruji ua mzima umewafungia mlango. Acha kipande kitupu penye jua, na funga matete au vipande vyembamba vya mianzi ukiviweka pasipolowa mvua, kwa ajili ya wale wanaotaga kwenye matundu.

Kwa mimea, usitafute mbali: mrihani na giligilani vilivyoachwa vichanue, alizeti, kunde, mbaazi, ambazo huchanua masika yakishapita. Hata kishona nguo kikibaki kona moja kinalisha wengi. La muhimu ni kupokezana, ili likiisha ua hili jingine limefunguka, hasa kiangazi. Lantana inavuta vipepeo kweli, lakini inavamia malisho na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Mimi siipandi.

Usalama ni hasa suala la dawa. Zipo zinazoingia ndani ya mmea mzima mpaka kwenye nekta na chavua, kama imidacloprid, ambayo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku mashambani mwaka 2018 kwa ajili ya nyuki, pamoja na clothianidin na thiamethoxam. Kwetu bado unaikuta kwenye maduka ya pembejeo. Tatizo la dawa za namna hii halitatuliwi kwa kubadili saa ya kunyunyiza, kwa kuwa sumu imo ndani ya ua. Nyingine, ukilazimika, nyunyiza jua likishazama na usiguse mmea uliochanua. Jina la kiambato huandikwa kwa herufi ndogo, chini ya jina kubwa la biashara: lisome kabla ya kulipa.