Sumo Si Mchezo wa Vitambi

Kila kundi jipya la vijana ninaowafundisha mieleka huja na maneno yale yale: sumo, yaani mieleka ya Kijapani, ni watu wanene wanaosukumana, na aliye mzito ndiye mshindi. Dhana hii inaniudhi kuliko zote, kwa sababu anayeiamini hukodolea macho matumbo ya wachezaji na kuisahau miguu yao, ilhali pambano huamuliwa na miguu.

Ni kweli kwamba sumo ya kulipwa haina madaraja ya uzito, na kwamba uzito husaidia. Hata hivyo, anayegusa chini kwa kiungo chochote isipokuwa nyayo, au anayekanyaga nje ya duara lenye kipenyo cha mita 4.55, ameshindwa, na kanuni hiyo haimhurumii mzito. Mwili mkubwa ambao nyonga zake zimeinuka huanguka kwa kishindo chake wenyewe mara mpinzani anapopisha kando. Ndiyo maana mazoezi ya asubuhi, yanayofanywa kabla ya kutia chochote tumboni, hutawaliwa na shiko: mchezaji huegemeza uzito wote kwenye mguu mmoja, huinua wa pili kando hadi juu, huutuliza hewani, kisha huukita chini na kuchuchumaa, akirudia hivyo mara nyingi mno. Hufuata suriashi, yaani kusonga mbele magoti yamekunjwa bila nyayo kubanduka ardhini, na zoezi la kutanua miguu hadi kifua kiguse udongo. Aliyenenepa kwa kukaa tu hawezi hata robo ya kazi hiyo.

Mwaka 1991 Mainoumi, mwenye kimo cha sentimita 171 na uzito wa takriban kilo 100, alimwangusha Akebono aliyekuwa na urefu wa zaidi ya mita 2, kwa kupenya chini ya kifua chake, kuunasa mguu mmoja kwa mguu na kuushika wa pili kwa mkono. Chiyonofuji, ambaye uzito wake ulikuwa takriban kilo 120, alitwaa ubingwa mara 31. Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wangu watazame nyonga: iliyo chini zaidi wakati wa kugongana ndiyo yenye nafasi nzuri.

Wengine hudhani mila za sumo hazijaguswa tangu kale. Chumvi inayorushwa kutakasa uwanja ni desturi ya Kishinto, dini ya asili ya Japani, lakini muda wa maandalizi kabla ya pambano uliwekewa kikomo mwaka 1928, matangazo ya redio yalipoanza, na nguzo nne za paa la uwanja ziliondolewa mwaka 1952 ili watazamaji waone vizuri.

Wala si mchezo wa Wajapani pekee. Akebono huyo huyo, mzaliwa wa Hawaii, mwaka 1993 alikuwa mgeni wa kwanza kupewa cheo cha yokozuna, kilicho cha juu kabisa. Naye Oosunaarashi kutoka Misri, katika mashindano ya Nagoya ya Julai 2014, aliwashinda yokozuna wawili huku akiwa amefunga Ramadhani.