Kalenda ya besi ni kipimajoto

Kila nifikapo ukingoni mwa Mto Susquehanna, huku Pennsylvania, Marekani, kabla sijafungua hata mkoba wa chambo, nafunga kipimajoto kwenye kipande cha mshipi na kukizamisha majini. Nakiacha dakika mbili tatu, mbali kidogo na ukingo ambako jua hupasha maji machache na kukudanganya. Wageni ninaowaongoza huwa na swali lao tayari: leo tutumie chambo gani? Nawaambia wasubiri maji yaseme. Maji ya nyuzi 4, ya nyuzi 12 na ya nyuzi 25 ni kama mito mitatu tofauti, ingawa mwamba ni ule ule na samaki ni yule yule, besi.

Jambo hili nililielewa kwa kuchelewa kwa sababu nimekulia Kigoma. Juu ya Ziwa Tanganyika maji hucheza kati ya nyuzi 24 na 28 hivi mwaka mzima, kwa hiyo mvuvi wa kule hana haja ya kupima joto. Yeye anapima mwezi. Giza likiingia, mitumbwi inatoka na taa kufuata dagaa. Mbalamwezi ikiwaka, nyavu zinaanikwa na watu wanapumzika. Nilipohamia Pennsylvania nilitoka na hesabu zile zile kichwani, nikarudi mikono mitupu majuma mfululizo. Samaki walikuwepo. Nilikuwa nawatafuta mahali walipokuwa miezi miwili nyuma.

Kwa msomaji asiyeujua mto huu: unaanzia Ziwa Otsego, jimbo la New York, unateremka kilomita zipatazo 715 na kumwaga maji kwenye Ghuba ya Chesapeake. Sehemu ninayoifanyia kazi ni ya kati, kuanzia Duncannon, pale Mto Juniata unapoingia, kupita Harrisburg hadi Marietta na Columbia. Ni mto mpana ajabu, Harrisburg unazidi kilomita moja kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, lakini kiangazi unaweza kuuvuka sehemu nyingi maji yakiwa kiunoni. Chini kumejaa ngazi za mwamba zilizokatiza mkondo. Nawaandikia hasa ndugu zangu wa Lancaster na miji ya jirani, wengi wenu mliotoka Uvira, Fizi na Bukavu, mnaoniona na ufito begani mkaniuliza kuna samaki gani humu.

Yupo besi mdomo mdogo. Mgongo wake una rangi ya shaba iliyoungua, ubavuni ana michirizi myeusi ya kusimama, na mara nyingi jicho lina wekundu. Mtazame taya: linaishia chini ya jicho. Kwa binamu yake, besi mdomo mkubwa, taya linapita nyuma ya jicho. Huyo ndiye aliyepelekwa Kenya enzi za ukoloni na anavuliwa Ziwa Naivasha. Mdomo mdogo naye si mwenyeji wa Susquehanna. Asili yake ni Maziwa Makuu ya Amerika na mito inayoingia Mississippi. Mwaka 1854 wachache walivushwa milima ndani ya tangi la maji la garimoshi, wakatiwa kwenye Mto Potomac, na baadaye uzao wao ukaletwa huku. Ukiwaona leo utadhani mwamba huu uliumbwa kwa ajili yao.

Sasa nianze na baridi, maana wengi hufunga vifaa Novemba na mimi naupenda mto wa Januari kuliko miezi yote.

Besi ni wa damu baridi: joto la maji ndilo joto la mwili wake. Nyuzi zikishuka chini ya 5, moyo unapiga taratibu na tumbo linachukua siku nyingi kusaga kitu kidogo alichokula. Hana nguvu za kupingana na mkondo. Kwa hiyo anahama mapema, wengine kilomita nyingi, hadi kwenye kilindi alichokizoea kila mwaka. Kosa ninalolisikia kila msimu ni kudhani kwamba anafuata joto lililoko chini. Ziwani hesabu hiyo inakubali, kwa sababu maji ya nyuzi 4 ndiyo mazito kuliko yote. Yanakaa chini na yaliyo baridi zaidi yanaelea juu yake. Mtoni mkondo unakoroga kila kitu, na juu na chini ni baridi moja. Besi anachokifuata ni utulivu. Ukilishika hilo, utaacha kuhangaika na kina peke yake, utaanza kutafuta mahali ambapo jani lililozama halisogei. Futi sita za maji nyuma ya kisiwa, yaliyosimama kabisa, zinanipa samaki kuliko futi kumi na mbili zinazopitiwa na mkondo.

Januari moja, chini kidogo ya Falmouth, kipimajoto kilisoma 3. Nilikuwa na chambo cha mpira chenye urefu wa kidole, rangi ya tope, kwenye chubwi, yaani kizito cha mshipi, ya gramu 3. Nilikitupa, kikazama, nikakiacha. Nikahesabu hadi thelathini, nikazungusha rili, kigurudumu cha mshipi, robo mzunguko, nikahesabu tena. Mkononi sikusikia kitu. Nilichokiona ni mshipi uliokuwa umelegea juu ya maji kunyooka kama sentimita tano, polepole, kama mtu anayevuta uzi uliochomoka kwenye shati. Ndivyo anavyokula wakati wa baridi: anafungua mdomo, maji yanaingia pamoja na chambo, anafunga. Asubuhi kama ile macho yanavua kuliko mikono. Niliinua ufito taratibu, nikahisi uzito wa jiwe, kisha jiwe likatikisa kichwa. Alikuwa na sentimita 48, baridi kama chuma. Nilimtoa ndoana akiwa ndani ya maji, kwa sababu hewa iliyo chini ya sifuri inaweza kugandisha matamvua kwa muda mfupi sana. Nikatupa pale pale. Baridi, alipo mmoja wapo wengi, wamejibana mahali padogo kama chumba.

Machi mwishoni maji yanapanda nyuzi 7, 8, 10. Theluji ya milimani inayeyuka, mto unakuwa mzito na rangi ya chai ya maziwa. Besi wanatoka kilindini kuelekea kwenye changarawe watakapotagia, na njiani wanakula kwa pupa. Majike yana mayai, matumbo yamejaa. Wengi huwapata samaki wao wakubwa wa mwaka wakati huu, na chambo kinachoiga samaki mdogo, kikivutwa taratibu kwenye mpaka wa maji tuli na mkondo, kinatosha.

Zikifika nyuzi 15 hadi 18, kwa kawaida Mei, mimi nauweka ufito chini. Dume huchagua changarawe yenye maji matulivu, huifagia kwa mkia hadi ibaki duara safi pana kama sinia kubwa. Jike likishataga linaondoka. Dume linabaki, linapeperusha mapezi kupitisha maji safi juu ya mayai, linafukuza kila anayesogea, na halitoki kwenda kutafuta chakula. Yakianguliwa, vifaranga vyeusi ti hujazana juu ya kiota kama moshi mdogo, na baba bado yupo. Nimewahi kusimama juu ya mwamba nikamtazama dume mmoja akimrudisha nyuma samaki mkubwa kuliko yeye mara nne ndani ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Dume huyo atauma chochote utakachomwekea, kwa kuwa analinda. Ukimtoa dakika chache tu, wezi wadogo waliokuwa wakisubiri pembeni wanaingia na kumaliza mayai. Sioni uvuvi wowote hapo. Mvua kubwa ikinyesha juma hilo na mto ukafurika, viota vinafagiliwa, na miaka kadhaa baadaye utaliona pengo: samaki wa umri ule hawapo.

Mto huu umeshaonja pengo la namna hiyo. Kuanzia mwaka 2005, besi wachanga walianza kufa kwa wingi mwanzoni mwa kiangazi, wakiwa na madoa na vidonda mwilini, maji yakiwa machache na ya moto. Bakteria wa magonjwa ya samaki na virusi walipatikana, na watafiti wakatazama pia kemikali zinazoingia kutoka mashambani na mijini. Mwaka 2011 Tume ya Samaki na Boti ya Pennsylvania ikaweka sehemu ndefu ya mto wa kati, pamoja na sehemu ya chini ya Juniata, chini ya kanuni ya kukamata na kuachia papo hapo, na baadaye ukaongezwa muda wa kutowalenga kabisa wakati wa kutaga. Samaki wamerudi. Kanuni hubadilika, kwa hiyo kila Januari chukua kijitabu cha mwaka huo ukisome kabla ya kutoka, na leseni inahitajika kwa yeyote kuanzia miaka 16.

Kuachia samaki ndiko kunakowasumbua wenzetu. Mzee mmoja wa Uvira niliyempeleka Marietta alishika besi mzuri, akaniona ninataka kumrudisha.

"Mwanangu, huyu ni chakula."

"Ni kweli, mzee. Ila ukubwa huu amekula miaka saba au nane kuupata."

Akamtazama tena. "Migebuka hawachukui miaka hiyo."

"Hawachukui, mzee. Huku baridi inawasimamisha besi karibu nusu mwaka, hawakui."

Akanyamaza, akamteremsha mwenyewe, akamshikilia dhidi ya mkondo hadi mkia uliposukuma kiganja. Sikuwa na haja ya kumweleza zaidi, kwa sababu yeye analijua Tanganyika. Mwaka 2024 nchi zote nne zinazolizunguka, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Familia nyingi ziliumia, na hilo sitalipuuza. Lakini mantiki ya kule na ya huku ni moja, nayo ni kwamba samaki anayelea huachwa alee.

Kiangazi, maji yakivuka nyuzi 24, kila nilichosema kuhusu baridi kinageuka. Mwili wa besi unachemka, anahitaji chakula kingi na hewa nyingi, na hewa ndiyo inayopungua: maji ya nyuzi 5 yanaweza kubeba miligramu karibu 13 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 28 hayafiki 8. Kwa hiyo anaukimbilia ule mkondo aliokuwa akiuogopa Januari. Mtafute kwenye maji yanayotoka povu, nyuma ya ngazi za mwamba, mara nyingine kwenye kina cha goti tu. Anakula kamba wa mto wenye magando, mabuu meusi yanayoishi chini ya mawe, na samaki wadogo. Pindua jiwe moja, uone rangi ya kamba wa hapo, kisha chagua chambo cha rangi hiyo. Siku za joto kali mimi namaliza kazi kabla ya saa nne asubuhi. Samaki aliyepigana kwenye maji ya nyuzi 29 anaweza kuogelea vizuri machoni pako akafa baadaye.

Jioni za mwisho wa Julai na Agosti kuna jambo ambalo mtu wa ziwani angelishangilia. Wadudu weupe wanatoka majini kwa maelfu baada ya jua kuzama, kama kumbikumbi baada ya mvua. Wakikomaa hawali, wanaishi saa chache, wanapandana, wanataga juu ya maji na kufa usiku ule ule. Kule kwetu taa huita dagaa. Hapa taa za daraja la Columbia huita wadudu, na Juni 2015 kundi la wadudu wa jamii hiyo lilitanda barabarani hadi lami ikateleza, pikipiki zikaanguka, daraja likafungwa kwa muda. Chini yao besi wanapanda. Unasikia tone moja, halafu kumi, halafu mto mzima unatoa sauti ya mvua wakati mbingu ni safi. Zima tochi yako, tupa chambo chepesi cheupe juu ya maji, usikivute.

Kuhusu usalama nitasema machache, bila kulainisha. Nikiona kipimo cha maji cha Harrisburg kimepita futi 6 sitoki na mgeni. Bwawa fupi la Dock Street pale Harrisburg linaonekana kama ngazi tu, lakini maji yanayojikunja chini yake hayamwachii mtu, na wameshakufa watu hapo. Kuanzia 1 Novemba hadi 30 Aprili sheria ya Pennsylvania inakutaka uwe umevaa jaketi la kuokolea kwenye kayaki, mtumbwi na boti yoyote fupi kuliko futi 16. Mimi nalivaa mwaka mzima.

Majani yakianza kupukutika, Septemba na Oktoba, maji yanashuka kutoka 18 kwenda 10 na besi wanakula tena kwa haraka, wakifuata makundi ya samaki wadogo. Ni majira rahisi, kasoro majani yenyewe yanayonasa kwenye ndoana kila mtupo. Kosa la wengi ni kubaki kwenye ngazi za mwamba kwa sababu juma lililopita palikuwa na samaki. Usiku mmoja wa baridi kali unaweza kuwaondoa wote.

Leo asubuhi hapa Marietta kipimajoto kimesoma 9. Ngazi za juu hazikutoa hata mmoja. Mita mia nne chini, pale mkondo unapoachana na kisiwa, nilipata watatu kwa saa moja, wote wakielekea upande wa kilindi. Nimekwishabadilisha chubwi, nimetoka gramu 7 nimeshuka hadi 5.