Mwenyekiti wa mtaa hagawi kiwanja

Tarehe 27 Novemba 2024, siku ya uchaguzi wa serikali za mitaa, jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, alirudi kutoka kituoni amefura kwa hasira. Kadi ya mpiga kura anayo, picha inaonekana, jina halina kosa, lakini kwenye orodha iliyobandikwa ukutani hayumo. Akaapa kwamba ameonewa.

Hakuna aliyemwonea. Aliamini, kama wengi tunavyoamini, kwamba kadi ile inafungua kila sanduku la kura. Kadi hutolewa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kwa ajili ya kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa husimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya serikali inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na una orodha yake yenyewe. Mwaka ule uandikishaji ulichukua siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kwa kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Jirani yangu siku zile alipita mbele ya kituo cha kujiandikisha kila asubuhi akienda kazini. Nafasi kama ile huja mara moja kwa miaka mitano, na kilichompotezea ni jambo ambalo mtu angeweza kumwambia kwa dakika moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza kwa makini tunavyozungumza kuhusu serikali iliyo karibu nasi kuliko zote. Tunakosea mengi, na baadhi ya makosa hayo ni ya gharama kubwa.

"Mjumbe ni serikali"

Mtu akihitaji barua ya utambulisho au akigombana na mpangaji mwenzake, anaambiwa aanzie kwa mjumbe, yaani balozi wa nyumba kumi. Kwa umri wake na heshima yake, mjumbe anaweza kuwapatanisha watu vizuri kabisa, nami nimeshuhudia. Lakini cheo chake ni cha chama. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960, na enzi ya chama kimoja hapakuwa na haja ya kutofautisha chama na serikali. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 mambo hayo mawili yakatengana kisheria, ingawa midomoni mwetu bado yameshikana. Mjini, ngazi ya chini ya serikali ni mtaa, wenye mwenyekiti aliyechaguliwa na wakazi na mtendaji aliyeajiriwa. Kama si mwanachama wa chama cha mjumbe wako, hulazimiki kupitia kwake ndipo uhudumiwe.

"Mwenyekiti akigonga muhuri, kiwanja ni changu"

Hapa naomba tukae kidogo, maana jambo hili limeliza watu wengi Dodoma, na nyumbani kwetu limefika.

Mjomba wangu alinunua eneo pembezoni mwa Jiji, mahali ambapo zamani palikuwa kijiji. Wakaandikishana ofisini, mashahidi wanne, sahihi, muhuri wa bluu. Akafyatua tofali, akachimba msingi. Wapima walipokuja, eneo likaonekana lina namba na jina la mtu mwingine. Karatasi yake ilikuwa halali kwa jambo moja tu, kuonyesha kwamba siku fulani watu fulani walipeana fedha.

Chanzo cha kosa hili ni historia yetu. Maeneo mengi yaliyomo ndani ya Jiji leo yalikuwa vijiji, na kijijini uongozi una nguvu juu ya ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na kabla ya kumgawia mtu lazima mkutano mkuu wa kijiji uridhie. Ndivyo mambo yalivyo mpaka sasa kwenye vijiji vya Bahi, Chamwino au Kongwa, ambako mtu hupewa hatimiliki ya kimila. Kijiji kikishageuzwa kuwa mtaa, madaraka hayo hayahami pamoja na ofisi. Mwenyekiti anaweza kuwa yule yule mzee na meza ile ile, lakini uwezo wa kugawa ardhi umeondoka. Mjini ardhi hupangwa na kupimwa kupitia halmashauri ya Jiji, na hati hutoka kwa Kamishna wa Ardhi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hata shilingi, omba namba ya kiwanja na ya kitalu, kisha nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi uone jina la nani limesajiliwa. Muuzaji akikuharakisha usiende huko, hiyo haraka yake ichukue kama jibu. Na ile asilimia kumi ya bei ambayo baadhi ya ofisi za mitaa hudai kwa kushuhudia mauzo, hakuna sheria inayowapa. Fedha yoyote halali ya serikali huja na namba ya malipo na stakabadhi.

"Viwanja vya CDA"

Bado utasikia mtu anasema CDA watamvunjia ukuta. Mamlaka hiyo, iliyoundwa mwaka 1973 kuujenga mji mkuu, ilivunjwa tarehe 15 Mei 2017, na majukumu pamoja na mali zake zikakabidhiwa halmashauri, ambayo wakati huo ilikuwa Manispaa. Jiji tumekuwa tarehe 26 Aprili 2018. Wenye nyumba wa zamani wanakumbuka pia kwamba chini ya CDA umiliki ulikuwa wa miaka 33, na baada ya kuvunjwa ukaelekezwa uwe wa miaka 99. Kama karatasi iliyo kabatini ni ya miaka 33, usiiache hapo ukidhani imejibadilisha yenyewe.

"Meya ndiye bosi wa Jiji"

Meya ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake aongoze vikao. Hasaini hundi wala haajiri. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi, anayeteuliwa na Rais, na ndiye anayewajibika kwa fedha. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa ni wa Serikali Kuu, nao si wapiga kura wa baraza. Bajeti hupitishwa na baraza la madiwani, kwa hiyo ukitaka zahanati au kivuko cha mtoni, anayekuombea mle ndani ni diwani wa kata yako. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Viti vya nyuma huwa vitupu.

Mengine niyapitie haraka. Maji ni DUWASA. Barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, na za mitaani ni TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 ni wakala anayejitegemea na si idara ya Jiji. Ikulu ya Chamwino, tunayoitaja kana kwamba iko hapa mjini, iko katika Wilaya ya Chamwino. Na ile mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu si sadaka ya mwanasiasa yeyote, wala haitoki hazina. Ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na imo kwenye sheria tangu mwaka 2018. Haina riba, lakini hurudishwa. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Ushuru anaolipa mama wa mchicha soko la Majengo umo humo.

"Mimi mpangaji tu"

Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Mji wetu umejaa wapangaji: watumishi waliohamishiwa hapa, wanafunzi wa UDOM, vijana waliofuata kazi za ujenzi. Wengi hawakanyagi mkutano wa mtaa kwa kuamini kwamba ni wa wenye nyumba. Mkutano ule ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, uwe na nyumba tano au chumba kimoja cha kupanga. Hata kodi ya majengo, ambayo kisheria ni ya mwenye nyumba, mpangaji ndiye anayekatwa akinunua umeme wa LUKU tangu mwaka 2021. Anachangia, kisha anajitoa mwenyewe kwenye mazungumzo.

Mkutano wa mwisho niliohudhuria tulikuwa kumi na tisa, chini ya mwarobaini, mtaa mzima. Mama mmoja anayepanga vyumba viwili alisimama, akawaamkia wazee, akauliza: "Tunatoa hela ya taka kila mwezi, mwenyekiti. Tunaomba tusomewe zimeenda wapi." Kukawa kimya. Mwenyekiti akamgeukia mtendaji, mtendaji akaingia ofisini, akatoka na daftari, akaanza kusoma tangu mwezi wa kwanza.