Mbu daraja ni mbu gani?

Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, kuna migomba iliyoota hatua chache tu kutoka msitu wa Semliki. Chungulia pale jani linaposhikana na shina, utaona maji ya mvua yametuama, pengine yasijaze hata kikombe. Yanatosha kuzalia mbu. Na mmoja wa mbu hao ndiye anayeitwa mbu daraja: anachukua virusi kwa mnyama wa mwituni na kumfikishia binadamu.

Daraja la nini? Virusi vya homa ya manjano makao yake ni msituni, kati ya kima na mbu wa vileleni. Mbu mkuu huko juu ni Aedes africanus, anayeuma kwa wingi jua likishatua, wakati kima wametulia mitini walale. Kima wa Afrika kwa kawaida haugui sana. Virusi hukaa siku chache katika damu yake, kisha kima hubaki na kinga. Ndiyo maana virusi husubiri kima wachanga wasiowahi kuambukizwa, na mzunguko unaweza kwenda miaka mingi bila kijiji kushtuka.

Sasa vinashukaje? Swali hili liliwasumbua watafiti wa Entebbe, ambako taasisi ya homa ya manjano ilianzishwa mwaka 1936 kwa fedha za Rockefeller Foundation (leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda). Huko Bwamba, eneo hilohilo la Bundibugyo, katika miaka ya 1940, walijenga majukwaa juu ya miti, wakawaweka watu wakamate mbu usiku na mchana. Jibu lilipatikana shambani. Kima hushuka kuiba ndizi, na akiwa huko anaumwa na mbu wa migombani, wa jamii ya Aedes simpsoni, ambaye huzaliana pia kwenye magimbi na mananasi. Virusi vikishakomaa ndani ya mbu huyo, kazi ya siku kumi hivi, atakayeumwa ni mtu anayepalilia. Tunamlaani kima kwa wizi wake, lakini shamba ndilo lililosogea hadi mlangoni kwake.

Mtu huyo akienda mjini na virusi damuni, Aedes aegypti wa mapipa na matairi mabovu anaweza kuvieneza kutoka mtu hadi mtu. Hapo kima hahitajiki tena.

Zika, ugonjwa mwingine wa virusi vya mbu, nayo iligunduliwa katika kusaka homa ya manjano. Mwaka 1947 virusi vyake vilipatikana kwa tumbili aliyewekwa kizimbani katika msitu wa Zika, karibu na Entebbe, na mwaka uliofuata vikapatikana kwa Aedes africanus wa msitu huohuo. Bwamba, Semliki, West Nile: ramani ya Uganda imegawa majina mengi kwa virusi, na wenyeji wa huko hawakuwa na kosa lolote ila kuishi mahali palipochunguzwa.

Si kila virusi vya mbu vinahitaji daraja hili. O'nyong-nyong, iliyolipuka kaskazini mwa Uganda mwaka 1959 na kupata jina lake kwa Kiacholi kwa jinsi inavyotesa viungo, huenezwa na Anopheles, mbu walewale wa malaria. Kwa huyo, neti ya kulalia inasaidia.

Kwa mbu wa migombani, neti haifiki mbali. Huuma mchana. Halafu homa ikianza, wengi husema "malaria" na kumeza dawa kabla ya kupima. Kipimo kikionyesha hakuna malaria na homa ikabaki, mweleze mhudumu kwamba unaishi kando ya msitu, na macho yakigeuka manjano usingoje kesho. Homa ya manjano haina dawa ya kuua virusi vyenyewe, ila chanjo ipo, na kwa watu wengi dozi moja hutosha maisha yote. Zika bado haina chanjo. Huko kinga ni nguo ya mikono mirefu na dawa ya kupaka ya kufukuza mbu, hata ukiwa umeshika jembe saa nne asubuhi.