Dumu la lita 5 au mfuko wa saruji?

Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekuja karakanani kwetu kwa mafunzo kwa vitendo aliniwekea mezani mnara wa tangi la maji. Kimo chake sentimita 60, miguu minne ya vyuma vya milimita 4, umechomelewa vizuri na kupakwa rangi ya bluu. Mnara wenyewe utakuwa wa mita 6, na juu yake litakaa tangi la lita 5,000. Akatua dumu la lita 5 juu ya modeli yake.

"Unaona, Injinia? Skeli ya 1:10, na haujatikisika."

Nikamtuma alete mfuko wa saruji. Tukaushika wawili, tukaushusha polepole. Mguu mmoja ulipinda kabla hatujauachia uzito wote.

Hesabu yake ni fupi. Ukigawa kila kipimo cha tangi kwa 10, ujazo unapungua mara 1,000. Ndiyo maana lita 5,000 zikawa 5. Lakini uwezo wa mguu kubeba bila kupinda, chuma kikiwa kilekile, unapungua mara 100 tu. Kwa hiyo dumu lilikuwa linaubembeleza mnara. Ili miguu ionje taabu ya mnara mkubwa, tani 5 za maji zigawe kwa 100: kilo 50. Bahati nzuri saruji inauzwa kwa kipimo hichohicho. Na hapo modeli bado ilikuwa inampendelea, maana alitumia chuma kilichojaa, ilhali mnara wa kweli ni wa bomba, tupu ndani.

Sikumwambia modeli yake ni mbaya. Mteja angeiangalia akaelewa tangi litakaa wapi, ngazi ipite upande gani. Kosa ni kuiuliza swali lisilo lake.

Kuna modeli ambazo skeli haizisumbui kabisa. Antoni Gaudí, alipokuwa akisanifu kanisa la Colònia Güell karibu na Barcelona, alining'iniza nyuzi darini na kuzifunga vifuko vya risasi ndogondogo za kuwindia ndege. Skeli ya urefu ilikuwa 1:10, ya uzito 1:10,000. Uzi hauwezi kusukumwa, unavutwa tu; ukining'inia na mizigo yake unajichagulia umbo. Geuza picha yake juu chini, unapata tao la mawe ambalo kila jiwe linagandamizwa tu. Robert Hooke, mwanasayansi Mwingereza, alikuwa ameichapisha kanuni hiyo kwa fumbo la herufi tangu 1675. Gaudí alitafuta umbo, na umbo la uzi halibadiliki ukiongeza mizigo yote kwa uwiano mmoja. Angeuliza kama mawe yatavunjika, nyuzi zisingemjibu. (Kanisa halikumalizika; ni sehemu ya chini tu iliyojengwa.)

Kwa upande wa meli, ninayempenda zaidi ni mhandisi William Froude. Miaka ya 1870, huko Torquay, Uingereza, alivuta modeli za nta kwenye bwawa refu la majaribio. Alishaona kwamba modeli iliyopunguzwa mara 25 haivutwi kwa kasi iliyopunguzwa mara 25, bali mara 5, yaani kipeuo cha pili cha 25. Hapo mawimbi ya modeli yanafanana na ya meli. Ila msuguano wa maji kwenye ngozi ya chombo haufuati kanuni hiyo. Basi akavuta mbao bapa peke yake, akapima msuguano, akautoa kwenye matokeo ya modeli, kisha akaurudisha kwa hesabu ya meli kubwa. Alijua modeli yake inadanganya wapi.

Mimi nilidanganywa na kompyuta. Niliwahi kuchora mashine ya kupukuchua mahindi, kila bolti mahali pake, nikaizungusha kwenye skrini kama bwana harusi. Fundi alipoikunja na kuichomelea, akaniuliza kwa upole, "Bosi, spana inaingilia wapi?" Hapakuwa na nafasi ya mkono. Kwenye programu bolti haihitaji mtu wa kuikaza. Siku hizi, kabla ya kukata bati, natengeneza mwili wa mashine kwa maboksi ya dukani na gundi, nazungusha spana halisi humo ndani. Mama mmoja mkulima ndiye aliyesimama mbele ya boksi kama hilo akasema mdomo wa kulishia mahindi uko juu mno, atachoka bega. Mchoro wangu haukuwa na bega.

Kuhusu mchoro wa penseli sina maneno mengi: chora kumi, tupa tisa, bei ya karatasi unaijua.

Juzi kijana amerudi na mnara wake. Miguu imeungwa katikati kwa vyuma vya mshazari vilivyopishana. Tumeweka saruji, ikakaa. Kisha akauliza mwenyewe: na siku tangi likiwa tupu, kusi ikivuma?

Mfuko wa saruji hauna jibu la hilo. Tukachukua kalamu: eneo la ubavu wa tangi, nguvu ya upepo, kimo, upana wa miguu, uzito wa mnara wenyewe. Tumefika kwenye zege la msingi, na mpaka jana jioni tulikuwa bado tunabishana kina cha mashimo.