Netflix ya mgeni kwenye TV ya hoteli

Wenye hoteli hapa Dodoma wakinipigia, ombi huwa ni lilelile: "Fundi, wageni wanataka Netflix." TV wanazo, nyingine hata plastiki ya kioo haijabanduliwa. Kinachokosekana ni njia. Mgeni wa siku hizi anashuka stesheni ya SGR na vifurushi vyake kwenye simu: Netflix, YouTube, AzamTV Max kwa ajili ya mechi za Simba na Yanga. Hataki umlipie chochote, anataka tu vitu vyake vionekane kwenye kioo kikubwa.

Wengi humwachia aingize barua pepe na nywila kwa rimoti, herufi mojamoja. Shida inaanza akishaondoka. Akaunti inabaki wazi, na anayefuata akiwasha anakuta jina la mwenzake, filamu iliyoachwa katikati na kila alichotafuta YouTube. Usimlaumu mhudumu wa usafi, kazi yake ni mashuka. Marriott walipotangaza Netflix vyumbani mwaka 2015, waliahidi kwamba taarifa za mgeni zitafutwa anapoondoka. Huku kwetu kipande hicho ndicho tunachokiruka, wakati Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 2023.

Mimi huwashauri wenye hoteli wamwachie mgeni arushe video kutoka kwenye simu yake, maana hapo nywila haiandikwi kwenye TV kabisa. Ila hakikisha kifaa chako kinakubali: mwishoni mwa 2025 Netflix iliiondoa njia hii kwenye TV na vifaa vingi vyenye rimoti. Watu hudhani simu ndiyo inayopeleka picha. Kwa Chromecast, kifaa kidogo cha Google kinachochomekwa kwenye TV, sivyo: simu inakiambia kifaa video ipi inatakiwa na kukipa ruhusa, kisha kifaa chenyewe kinaivuta kutoka intaneti. Ndiyo maana unaweza kuongea na simu huku filamu inaendelea. Na kwa kuwa programu iliyo simuni ndiyo inayoongoza, lugha na mapendekezo uliyoyazoea nyumbani unayakuta palepale.

Ugumu uko kwenye waifai. Mtandao wa hoteli uliofungwa vizuri huzuia kifaa cha mgeni mmoja kisikione cha mwingine, na lazima iwe hivyo. Lakini simu huipata Chromecast kwa kupiga mbiu kwenye mtandao wa ndani, kuuliza nani yupo, na kizuizi kilekile kinachomlinda mgeni kinaizima mbiu. Kuna mafundi wanaoondoa kizuizi ili mambo yaende. Matokeo yake mgeni wa chumba namba 12 anarusha taarabu kwenye TV ya namba 14. Dawa ni kuweka mtambo wa kati unaoiunganisha simu na TV ya chumba chake peke yake: TV inaonyesha msimbo wa QR, mgeni anaupiga kwa kamera, wanaunganishwa. Mtambo huo usomane na programu ya mapokezi, ili mgeni akirudisha ufunguo muunganisho ufutike wenyewe.

Kwenye kufuta, Dodoma ina mambo yake. Ukipanga mfumo ufute kila baada ya saa 24, kwa wapita njia ni sawa. Lakini Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi Juni, na mgeni anaweza kukaa chumba kilekile wiki kwa wiki. Ukimlazimisha kuunganisha simu upya kila usiku, atahamia kwa jirani yako. Ufutaji ufuate tarehe ya kuondoka.

Halafu piga hesabu ya laini. Netflix hushauri megabiti 5 kwa sekunde kwa picha kali ya 1080p na 3 kwa iliyo chini yake, 720p. Vyumba 40, nusu yake wakitazama usiku, tayari ni megabiti 100. Laini ikiwa ndogo, wekea kila chumba kikomo cha 3. Afadhali wote waone vizuri kiasi kuliko mmoja aone 4K na wengine waone duara linalozunguka.

Taa na kiyoyozi vinavyoendeshwa kwa simu, kama Hilton walivyoanza 2017? Juni hapa mgeni anaomba blanketi la pili. Hela hiyo nunulia UPS, betri ya umeme ukikatika, ya ruta.

Na wewe mgeni uliyeacha akaunti wazi: ingia Netflix kwa simu, nenda kwenye sehemu ya kusimamia vifaa, iondoe TV ile. Kwa YouTube, fungua akaunti yako ya Google, sehemu ya usalama, angalia orodha ya vifaa na ile ya programu ulizozipa ruhusa, uiondoe YouTube ya TV ile. Inawezekana hata kama umeshafika Singida.